Taa za Kanisa na Madirisha ya Jirani

Katika vitongoji vya miji ya Marekani kuna kikao kinachofanana kila kinapoitishwa. Kanisa limejaa, lina eneo la ziada nyuma ya jengo lake, na sasa linaomba kibali cha kujenga ukumbi mkubwa zaidi pamoja na uwanja mpya wa kuegesha magari. Kamati ya mipango ya mji inawaita majirani waseme lao. Wanaosimama huanza kwa kueleza kwamba hawana neno na ibada, na wengi wao ni waumini wa makanisa mengine. Kisha wanafika kwenye kilichowatoa nyumbani: nguzo za taa zitakuwa na urefu gani, zitazimwa saa ngapi, mpakani itapandwa miti ya aina gani, na ikikauka nani ataipanda upya. Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam, aliyezoea kwamba kero ya nyumba ya ibada ni vipaza sauti, anaweza kuyaona haya kuwa malalamiko ya watu walioshiba. Mimi naona maswali hayo madogo yamegusa kasoro kubwa ya namna miji inavyosimamia ardhi. Sheria za ujenzi hupima nafasi: futi ngapi kutoka mpakani, futi ngapi kwenda juu, miti mingapi kwa kila nafasi za kuegesha. Kinachomkera jirani kwa kiasi kikubwa ni wakati: saa za usiku, misimu ya mwaka, na miaka ambayo mche unahitaji ili uwe mti. Kibali kinachoandika futi na kuacha saa na miaka kitazaa ugomvi hata kama kila futi imeheshimiwa.

Tuanze na lami, kwa sababu taa huifuata. Tangu katikati ya karne ya 20 miji mingi ya Marekani imeweka idadi ya chini ya nafasi za kuegesha kwa kila aina ya jengo, na kwa nyumba ya ibada hesabu hufuata viti: nafasi moja kwa kila viti vitatu, vinne au vitano. Penye mabenchi ya mbao, kanuni hukadiria hata upana wa muumini, kwa kawaida inchi 18 hadi 24 kwa mtu mmoja. Chukua ukumbi wa watu 800 katika mji unaodai nafasi moja kwa viti vinne. Zinahitajika nafasi 200, na kila nafasi, ukiijumlisha na sehemu yake ya njia ya kupita, hula kama futi za mraba 325. Hiyo ni ekari moja na nusu ya lami. Donald Shoup, aliyefundisha mipango miji katika Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, alionyesha katika kitabu chake The High Cost of Free Parking cha mwaka 2005 kwamba viwango hivi vina msingi dhaifu mno: mji mmoja huiga wa jirani yake, na wote hupanga kwa saa ya msongamano mkubwa kuliko zote. Kwa kanisa, saa hiyo ni Jumapili asubuhi. Ukiongeza ibada ya katikati ya wiki na mazishi ya hapa na pale, uwanja huo unajaa labda saa nane kati ya saa 168 za wiki. Saa zilizobaki ni tupu au karibu tupu, lakini umeshajengwa, na kilichojengwa hutafutiwa taa. Buffalo, katika jimbo la New York, uliondoa masharti ya idadi ya chini ya maegesho mwaka 2017, na Austin ukafuata mwaka 2023. Pale ambapo kanisa linaruhusiwa kupatana na shule au ofisi ya karibu litumie maegesho yao siku ya Jumapili, sehemu kubwa ya ugomvi wa taa hufa kabla haujazaliwa. Jambo la kusikitisha ni kwamba majirani wengi hufanya kinyume. Kwa kuogopa magari kuegeshwa mbele ya nyumba zao, hudai kanisa liongeze nafasi, halafu mwaka unaofuata wanalalamikia mwanga unaoangaza nafasi hizohizo.

Mhandisi wa kanisa huja kikaoni na ramani ya mwanga, karatasi iliyojaa tarakimu ndogondogo zinazoonyesha kiasi cha mwanga kinachotua kila mahali uwanjani. Kipimo chake ni futi-kandela, na futi-kandela moja ni karibu luksi 11. Kikomo kinachotumiwa na miji mingi kwenye mpaka wa makazi ni nusu ya futi-kandela, yaani luksi tano na kitu. Iliyo mikali zaidi hushuka hadi sehemu moja ya kumi. Ili kuelewa maana yake, mwezi mpevu katika anga safi hutoa takriban theluthi moja ya luksi, au pungufu. Kwa hiyo hata kikomo kinachoonekana kidogo kwenye karatasi kinaruhusu mwanga unaoishinda mbalamwezi mara 15. Hilo bado si tatizo kubwa kuliko yote. Ramani hupima mwanga unaotua juu ya ardhi, na hakuna anayelala ardhini. Aliye kwenye chumba cha ghorofani anaiona taa yenyewe, na chipu za LED, ndogo na kali, humwingia machoni hata pale ambapo tarakimu ya mpakani ni sifuri. Uwanja ukiwa juu ya kilima na nyumba zikiwa bondeni, taa iliyofunikwa vizuri kwa mtu aliye uwanjani inakuwa wazi kwa mtu aliye chini yake. Wataalamu wa mwanga wanalijua hili, ndiyo maana hutofautisha mwanga unaovuka mpaka na mng'ao unaoumiza macho, na wana utaratibu wa kuipanga kila taa kwa kiasi inachotupa nyuma yake, juu yake na machoni mwa watu. Lakini kamati nyingi huitazama ramani, huona sifuri mpakani, na kumwambia jirani kwamba anachokiona hakipo.

Hapa ndipo wakati unapoingia kwa mara ya kwanza, na umeletwa na teknolojia. Taa za sodiamu za zamani, zile za rangi ya machungwa, zilikuwa na udhaifu mmoja: ukizizima kisha ukataka kuziwasha tena, zilihitaji dakika kadhaa kupoa na kushika upya. Kuziwasha na kuzizima kwa kufuata mwendo wa watu lilikuwa jambo lisilowezekana, kwa hiyo ziliachwa ziwake tangu machweo hadi macheo. LED haina udhaifu huo. Inawaka papo hapo, inafifishwa hadi robo ya nguvu yake, inaamshwa na kihisi gari linapoingia, na hurudi usingizini dakika chache baadaye. Hata hivyo makanisa mengi yaliyobadilisha taa zake yalihamisha mazoea ya sodiamu kwenye LED: usiku kucha, nguvu zote, na kwa rangi nyeupe ya kelvini 4,000 au 5,000 badala ya 2,000 na ushei ya zamani. Rangi hiyo ina samawati nyingi zaidi, inayotawanyika zaidi angani na inayosumbua zaidi saa ya mwili inayotuambia tulale. Chama cha Madaktari cha Marekani kilishauri mwaka 2016 kwamba taa za barabarani zisizidi kelvini 3,000. Miaka mitano kabla yake, mwaka 2011, shirika la kulinda giza la usiku lililoanzishwa Tucson mwaka 1988, likishirikiana na chama cha wahandisi wa mwanga, lilitoa sheria ya mfano kwa miji, na ndani yake mna kifungu kinachotaka mwanga upunguzwe baada ya saa iliyopangwa. Ukizisoma kanuni nyingi za miji leo utakuta zimechukua urefu wa nguzo na aina ya kifuniko kutoka kwenye mijadala hiyo. Saa imebaki nyuma.

Si kwamba Wamarekani hawajui kuutawala mwanga wakitaka. Flagstaff, Arizona, wenye kituo cha Lowell cha kutazama nyota, ulipiga marufuku kurunzi za matangazo zilizoelekezwa angani mwaka 1958, na mwaka 2001 ukawa mji wa kwanza duniani kutambuliwa rasmi kwa kulinda giza lake. Mji huo una watu, maduka, chuo kikuu na makanisa, na wote wanaona njia. Kwingineko mambo yanakwenda upande wa pili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 kwenye jarida la Science, uliotumia hesabu za nyota zilizofanywa na wananchi wa kawaida kati ya 2011 na 2022, ulikadiria kwamba anga la usiku lilikuwa linazidi kung'aa kwa karibu asilimia 10 kila mwaka. Sehemu kubwa ya vipimo hivyo ilitoka Ulaya na Amerika Kaskazini. Uwanja mmoja wa kanisa ni tone katika hilo, na sitaki kuutwika mzigo wa anga zima. Nautaja utafiti huo ili ieleweke kwamba jirani anayelalamika hajazusha kitu.

Upande wa miti, karatasi na maisha hutengana zaidi. Michoro inayowasilishwa kwenye kamati huonyesha miti ikiwa imekomaa, kivuli chake kimetanda, ukuta wa kijani umeziba kila kitu. Kinachopandwa ni mche wenye shina la inchi mbili au mbili na nusu kwa miti inayopukutisha majani, na wa futi sita hivi kwa miti ya kijani mwaka mzima. Nguzo ya taa ina futi 20 au 25. Hata ukikubali mti uongeze futi moja na nusu kila mwaka, na udongo uliosagwa na matingatinga mara nyingi hauruhusu hata hizo, jirani atasubiri miaka kumi au zaidi kabla ya ncha ya mti kufikia taa. Mtoto aliyekuwa chekechea siku kibali kilipotolewa atakuwa anamaliza shule ya sekondari. Msimu nao una hila yake. Miti ya maple na mialoni hupukutisha majani yake mwezi wa kumi na wa kumi na moja, wakati hasa ambapo usiku unarefuka. Katikati ya Desemba jua la Ohio huzama kama saa kumi na moja na dakika kumi jioni. Yaani pazia huondolewa miezi ile ambayo taa zinawaka saa nyingi kuliko zote, na hurudishwa majira ya joto ambapo ibada ya jioni humalizika kungali na mwanga wa jua. Ukanda uliopandwa miti ya kupukutisha peke yake ni pambo la kiangazi.

Kamati zilizoumwa na nyoka wa namna hiyo hudai miti isiyopukutisha, na mara nyingi hupewa mstari mmoja mrefu wa thuja, uliopandwa kwa kubanana, wote wa aina moja. Mstari huo hupendeza kwenye picha. Kisha swala hushuka wakati wa theluji na kuula hadi kimo cha shingo zao. Gari la kusukuma theluji hurundika pale theluji iliyochanganyika na chumvi ya barabarani. Ugonjwa ukiingia kwenye mti mmoja hutembea hadi wa mwisho. Marekani ina funzo kubwa la hatari ya kupanda aina moja: mdudu wa rangi ya zumaridi anayetoboa miti ya ash, aliyegunduliwa karibu na Detroit mwaka 2002, ameua makumi ya mamilioni ya miti hiyo, ikiwemo ile ambayo miji ilikuwa imeipanda kwa safu mitaani. Na mti maarufu wa viwanja vya maegesho, mpea wa Callery, uliopendwa kwa kukua haraka na kuchanua maua meupe, umegeuka magugu ya misituni kiasi kwamba Ohio ilipiga marufuku kuuuza kuanzia mwaka 2023. Zaidi ya hayo, dhamana ya fedha ambayo kanisa huweka ili miti iliyokufa ipandwe upya kwa kawaida hudumu mwaka mmoja au miwili. Mti uliopandwa vibaya unaweza kuchukua miaka mitatu au minne kufa. Ninaona hapa ndipo penye udhaifu mkubwa wa vibali vyote nilivyovizungumzia: vinaidhinisha mti wa mwaka wa kumi na tano na kuulinda hadi mwaka wa pili.

Jambo moja ambalo mimea hulitatua vizuri na upesi ni taa za magari. Ibada ya jioni ikimalizika, magari huondoka kwa mfuatano na kila moja hupiga mwanga kwenye sebule ileile. Taa hizo ziko chini, futi mbili hadi nne na nusu kutoka ardhini, kwa hiyo tuta la udongo la futi tatu lenye kichaka juu yake hukomesha adha hiyo tangu siku ya kwanza. Tuta halifi, halipukutishi, wala haliliwi na swala. Inashangaza jinsi majirani wanavyopigania misonobari mirefu na kusahau tuta.

Sasa sheria. Mji hauna uhuru wa kulikatalia kanisa upanuzi kama unavyoweza kumkatalia mwenye kituo cha mafuta, na historia ya jambo hilo ilianza kwa kanisa lililokuwa dogo mno kwa waumini wake. Kanisa Katoliki la Mtakatifu Petro mjini Boerne, Texas, lilijengwa mwaka 1923 na lilichukua watu 230 hivi. Jumapili nyingine watu 40 hadi 60 walikosa mahali. Mji ulikataa upanuzi kwa sababu jengo lilikuwa katika eneo la kihistoria. Askofu Mkuu Patrick Flores wa San Antonio akaenda mahakamani akitumia sheria ya uhuru wa dini ya mwaka 1993, na mwaka 1997 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba Bunge lilivuka mamlaka yake kwa kuyabana majimbo na miji kwa sheria ile. Bunge likajibu mwaka 2000 kwa sheria nyembamba zaidi, ijulikanayo kwa herufi RLUIPA. Hiyo inazuia kanuni za ardhi zinazoweka mzigo mzito juu ya ibada, isipokuwa kama mji una sababu kubwa na umetumia njia isiyobana zaidi ya inavyolazimu. Pia inakataza kuitendea nyumba ya ibada vibaya kuliko taasisi nyingine inayolingana nayo. Kifungu hicho cha pili kimeuma. Kaunti ya Boulder, Colorado, ilikataa mwaka 2006 ombi la Rocky Mountain Christian Church la kupanua majengo yake karibu na Niwot. Kanisa likaonyesha kwamba shule ya binafsi ya jirani iliruhusiwa kupanuka. Baraza la wazee wa mahakama lilikubaliana nalo mwaka 2008, mahakama ya rufaa ikathibitisha mwaka 2010, na mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikakataa kuisikiliza kaunti.

Mashauri haya hunukuliwa kana kwamba yamewafunga majirani mdomo. Ukiyasoma kwa makini yanasema jambo jingine: mji unaokataa jengo lote unajiweka hatarini, ilhali mji unaotoa kibali chenye masharti ya kawaida, yanayomhusu kila mwenye uwanja mkubwa, uko salama zaidi. Kuamriwa kufifisha taa baada ya saa nne usiku hakumzuii mtu kusali. Kuna shauri la New Berlin, Wisconsin, linalonivutia zaidi katika hoja yangu ya wakati. Kanisa la Kiorthodoksi la Kigiriki lilitaka kujenga huko, na mji ukaogopa kwamba kanisa likiuza kiwanja baadaye, ardhi iliyobadilishiwa matumizi ingeweza kutumiwa kwa jambo jingine. Kanisa likajitolea kufungwa na masharti yatakayozuia hilo, na mji bado ukakataa. Mwaka 2005 mahakama ya rufaa, kwa kalamu ya Jaji Richard Posner, ililipa kanisa ushindi. Hofu ya mji ilihusu siku za baadaye, na chombo cha kuishughulikia kilikuwa mezani, lakini mji haukukitumia.

Kuna pingamizi linalostahili kujibiwa kwa uzito: usalama. Makanisa ya Marekani yana sababu ya kuogopa. Watu tisa waliuawa wakiwa kwenye somo la Biblia Charleston mwaka 2015, na zaidi ya ishirini katika ibada ya Sutherland Springs mwaka 2017. Nje ya misiba hiyo kuna wezi wa shaba za viyoyozi na wa vifaa vya mabasi ya kanisa. Je, taa husaidia? Ushahidi hauelekei upande mmoja. Jaribio la New York mwaka 2016, ambapo minara ya taa iliwekwa kwa bahati nasibu katika baadhi ya makazi ya umma, lilipata kwamba uhalifu mkubwa wa nje wakati wa usiku ulipungua kwa asilimia 36 hivi. Utafiti wa mamlaka 62 za Uingereza na Wales uliochapishwa mwaka 2015, uliochunguza kuzima, kufifisha na kuwasha taa za barabarani sehemu tu ya usiku, haukukuta ushahidi kwamba uhalifu au ajali ziliongezeka. Tofauti hiyo naielewa hivi: makazi ya New York yana watu wanaotoka na kuingia saa zote, wanaoona na kuonwa. Uwanja wa kanisa saa nane usiku hauna mtu. Mwanga usio na mtazamaji haumlindi yeyote. Unamwezesha mwizi kufanya kazi bila kurunzi. Taa inayokaa imefifia na kuwaka kwa nguvu mtu anapoingia humpa jirani sababu ya kuchungulia dirishani. Saa ambazo waumini wapo, hasa wazee na wanawake wanaotembea peke yao kwenda kwenye magari, mwanga uwe wa kutosha kabisa, na jirani asidai vinginevyo. Hata mashambulizi yale mawili hayakuzuilika kwa taa za maegesho. La Sutherland Springs lilifanyika mchana.

Pingamizi la pili ni kwamba miti na taa ni kisingizio. Wakati mwingine ni kweli. Msikiti wa Murfreesboro, Tennessee, ulipopata kibali mwaka 2010, wapinzani walizungumza juu ya msongamano wa magari na tangazo la kikao, halafu mahakamani wakafika hadi kubisha kama Uislamu ni dini. Msikiti ulifunguliwa mwaka 2012 baada ya mahakama ya shirikisho kuingilia kati. Lakini dawa ya kisingizio ni kukipima. Jirani anayelalamikia mng'ao aulizwe: taa ikifunikwa upande wako na kufifishwa saa nne, umeridhika? Akisema ndiyo, shauri limekwisha kwa gharama ndogo. Akisema hapana na kutafuta lingine, kamati imeshajua inazungumza na nani. Wale wanaosema kwamba kanisa lilikuwepo kabla ya nyumba, kwa hiyo aliyehamia avumilie, wanasahau kwamba aliyehamia alinunua nyumba kando ya kanisa la watu 200 na shamba la nyasi. Hakununua kando ya ekari moja na nusu ya lami.

Gharama nayo husemwa sana. Kanisa haliuzi kitu, linaishi kwa sadaka, na kila mti unaodaiwa unatoka kwenye kapu hilo. Nalikubali hilo, na ndiyo maana napendelea masharti ya wakati kuliko ya vitu. Kuweka saa na kihisi ni bei ndogo kuliko ukuta, na umeme unaookolewa hurudisha fedha. Kupanda aina nne za miti kwa makundi yaliyopishana si ghali kuliko kupanda mstari mmoja. Kinachogharimu ni dhamana ya miaka mitano au saba badala ya miwili, na ukaguzi wa uwanja usiku, taa zikiwa zimewashwa, miezi michache baada ya ufunguzi na tena majani yakishapukutika. Hapo nasema kanisa libebe. Limesamehewa kodi ya ardhi, msamaha ambao Mahakama Kuu iliuhalalisha mwaka 1970, na majirani ndio wanaoziba pengo hilo. Miaka mitano ya kuangalia miti si mzigo usio wa haki. Mji nao uwe na mtu wa kupokea simu, kwa kuwa sharti lisilo na mkaguzi hubaki kuwa shughuli ya jirani mwenye hasira na kamera.

Hata hivyo hoja yangu ya saa ina mahali inapobana, na wanaobanwa ni watu wanaosoma lugha hii. Katika mwongo uliopita Wakongomani wamekuwa miongoni mwa wakimbizi wengi zaidi waliopokewa Marekani, na makusanyiko yao ya Kiswahili mara nyingi hayana jengo. Hukodi au huazima ukumbi wa kanisa la wenyeji, na hupewa saa zilizobaki: Jumapili alasiri, jioni za siku za kazi, na mkesha wa Ijumaa unaoanza wakati wenyeji wanapolala. Kibali kinachosema taa zizimwe saa nne usiku, kilichoandikwa kwa kufikiria ratiba ya wenye jengo, huwaangukia wageni ambao hawakuwepo kikaoni. Jibu ni kuyafunga masharti kwenye kuwepo kwa watu, si kwenye saa peke yake: taa zififie dakika 30 baada ya gari la mwisho kuondoka, na kanisa lipewe idadi ya usiku kwa mwaka ambazo litatoa taarifa mapema na kuwasha hadi alfajiri, kwa nguvu ndogo na upande ulio mbali na nyumba. Miji ya Marekani tayari hufanya hivyo kwa shule za sekondari, ambazo taa za viwanja vyao vya mpira huwaka Ijumaa za vuli kwa ukali unaozidi wa kanisa lolote, kwa ratiba inayojulikana na kila jirani. Mji unaokubali mechi saba za usiku kwa mwaka na kukataa mikesha saba utapata shida kumweleza jaji tofauti yake, na kwa kifungu kile cha RLUIPA kuhusu kutendewa sawa, hautakiwi hata kujaribu.